Udongo wa Ufipa: Kwa Nini Shamba Lipimwe na Kutiwa Chokaa Kabla ya Mbolea

SUMBAWANGA – Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia katika mwezi wa Novemba, wakulima wa Uwanda wa Juu wa Ufipa hufanya uamuzi unaogharimu sehemu kubwa ya kipato chao: mbolea ipi inunuliwe, mifuko mingapi, na ipelekwe katika shamba lipi. Wengi hupata mavuno mazuri. Wengine, licha ya kutumia mbegu bora na mbolea ileile, huona mahindi yakidumaa, majani yakigeuka rangi ya zambarau na maharage yakitoa maganda machache. Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye mbegu, mvua au mbolea yenyewe, ilhali chanzo kinaweza kuwa chini ya miguu ya mkulima, yaani uchachu wa udongo.

Makala haya yanafafanua sifa za udongo wa Ufipa, sababu za uchachu wake, namna ya kuupima na hatua ambazo mkulima anaweza kuchukua ili fedha anayoitumia kununulia mbolea isipotee.

Uwanda ulio kati ya maziwa mawili

Uwanda wa Ufipa uko katika Mkoa wa Rukwa, kati ya Bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika upande wa magharibi. Maziwa hayo mawili yako katika mwinuko wa takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari, wakati sehemu kubwa ya uwanda iko juu ya mita 1,500, na vilele vya Milima ya Mbizi, jirani na mji wa Sumbawanga, huzidi mita 2,000. Hali ya hewa ni ya baridi kiasi. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya ukavu.

Anayesafiri kutoka Laela kupitia Mpui hadi Sumbawanga, au kuelekea Matai wilayani Kalambo na Namanyere wilayani Nkasi, huona nyanda pana za nyasi zilizokatizwa na mashamba ya mahindi, maharage, alizeti, ngano na ulezi. Ardhi hii ni miongoni mwa nguzo za chakula nchini. Tangu miaka ya 1980 Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake mjini Sumbawanga. Kwa hiyo hali ya udongo wa Ufipa haimhusu mkulima wa Ufipa peke yake.

Nyasi zinazofanana, udongo usiofanana

Duniani ziko nyanda za nyasi zinazosifika kwa rutuba isiyo ya kawaida. Udongo mweusi wa Ukraine na ule wa majimbo ya kati ya Marekani, kama Iowa na Nebraska, ni mifano inayojulikana zaidi. Udongo wa maeneo hayo ulitokana kwa sehemu kubwa na vumbi laini lililopeperushwa na upepo katika enzi za barafu na kutua kwa tabaka nene. Chembe zake ni ndogo kuliko mchanga lakini ni kubwa kuliko chembe za mfinyanzi, hivyo hushika maji vizuri bila kutuama. Vumbi hilo lilikuja na chokaa nyingi, na kwa kuwa mvua za huko si kubwa mno, chokaa hiyo haikuoshwa yote. Mizizi ya nyasi iliyooza kwa maelfu ya miaka ikaongeza mboji, na udongo ukawa mweusi, mlaini na usio mchachu.

Hapa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi na huo uko kaskazini mwa nchi. Tambarare za nyasi fupi za kusini mwa Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkano za Nyanda za Juu za Ngorongoro na za Ol Doinyo Lengai, mlima ambao lava yake ina kaboneti kwa wingi. Udongo wake una chokaa kiasi kwamba katika sehemu nyingi limejengeka tabaka gumu jeupe chini ya uso wa ardhi.

Ufipa ina nyasi, lakini haikupata vumbi hilo wala majivu hayo. Miamba yake ni ya kale sana, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2, na kwa asili sehemu kubwa ya miamba hiyo haina chokaa nyingi. Udongo uliotokana nayo umekaa juani na mvuani kwa muda mrefu mno. Kila msimu maji ya mvua hupenya ardhini na kushuka pamoja na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na yanayobaki juu ni madini ya chuma na alumini, ambayo hayayeyuki kirahisi. Ndiyo sababu udongo wa sehemu nyingi za uwanda una rangi nyekundu, kahawia au ya manjano, hupitisha maji kwa urahisi, hulimika vizuri kwa jembe la mkono na plau la ng'ombe, lakini una akiba ndogo ya virutubisho na huelekea kuwa mchachu.

Hata hivyo, udongo wa Ufipa si wa aina moja. Mabondeni, ambako maji hutuama wakati wa masika, upo udongo mweusi wa mbuga, mzito na wenye mboji nyingi. Kwenye miteremko kuna udongo mwembamba wenye changarawe. Ndani ya shamba moja, kichuguu kikubwa kilichosawazishwa kinaweza kuacha duara la mahindi yaliyostawi kuliko mengine, kwa kuwa mara nyingi mchwa hukusanya udongo wenye mfinyanzi na kalsiamu zaidi. Tofauti hizo ndizo zinazofanya ushauri wa jumla usitoshe na upimaji uwe wa lazima.

Uchachu una maana gani kwa mmea?

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho alama yake ya kati ni 7. Chini ya alama hiyo udongo ni mchachu. Juu yake udongo una magadi. Kila alama moja inaposhuka, uchachu huongezeka mara 10. Udongo wenye pH ya 5 ni mchachu mara 10 kuliko ule wenye pH ya 6, na mara 100 kuliko wenye pH ya 7.

Mazao mengi ya Ufipa hustawi pale pH inapokuwa kati ya 5.5 na 7. Inaposhuka chini ya 5.5, mambo matatu hutokea kwa pamoja.

Kwanza, alumini iliyokuwa imefungwa katika udongo huanza kuyeyuka. Alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa mizizi: ncha huvimba, hukoma kurefuka na kushindwa kushuka chini kutafuta maji. Mmea wa namna hiyo hunyauka mapema mvua inapokatika kwa wiki moja au mbili, na mkulima hudhani tatizo ni ukame pekee.

Pili, fosforasi hukamatwa na alumini na chuma kabla mmea haujaifikia. Hapa ndipo fedha ya mkulima hupotelea. Mbolea ya kupandia, kama DAP, hununuliwa hasa kwa ajili ya fosforasi. Ikiwekwa katika udongo mchachu sana, sehemu kubwa ya fosforasi hiyo hufungwa katika hali ambayo mmea hauwezi kuitumia msimu huo. Majani ya mahindi machanga yenye rangi ya zambarau ni dalili ya kawaida ya upungufu huo.

Tatu, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharage na mikunde mingine, ambao hutengeneza naitrojeni kutoka hewani, hudhoofika. Maharage ndiyo huathirika mapema zaidi. Ngano na mahindi huathirika pia, wakati viazi mviringo na mihogo huvumilia uchachu kwa kiwango kikubwa zaidi.

Baadhi ya mbolea huongeza uchachu zinapotumika miaka mingi bila kurekebisha udongo. Mbolea ya SA huongeza uchachu zaidi ya UREA kwa kila kilo ya naitrojeni, ilhali CAN, ambayo hutengenezwa ikiwa na chokaa ndani yake, huongeza kidogo tu. Hii haina maana kwamba mbolea ni mbaya au iachwe. Maana yake ni kwamba shamba linalopokea mbolea za naitrojeni kila mwaka linahitaji pia kupimwa na kurudishiwa chokaa kwa vipindi.

Maarifa ya wazee: kilimo cha intumba

Wafipa walitambua udhaifu wa udongo wao zamani kabla ya maabara. Jibu lao lilikuwa kilimo cha matuta ya duara yaitwayo intumba. Kuelekea mwisho wa mvua, wakati ardhi ingali na unyevu, nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, mabonge hupangwa nyasi zikielekea ndani, kisha hufunikwa kwa udongo. Nyasi huoza taratibu ndani ya tuta. Maharage huweza kupandwa juu yake, na msimu unaofuata matuta hupasuliwa na kusambazwa, kisha ulezi au mahindi hupandwa katika udongo uliopata mboji.

Mfumo huu uliandikwa na maafisa kilimo wa enzi za ukoloni, na baadaye ukaelezwa na mtaalamu wa mila na jamii, Roy Willis, aliyefanya utafiti wake Ufipa katika miaka ya 1960. Unafanana kwa lengo na ngoro za Wamatengo wa Mbinga mkoani Ruvuma, ambao nao hufukia nyasi ili kurutubisha ardhi na kuzuia mmomonyoko katika miteremko.

Msingi wa intumba ni sahihi kisayansi. Mboji hushika virutubisho visioshwe na mvua, huhifadhi maji na hufunga sehemu ya alumini yenye sumu. Kwa upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, Wabemba walitumia njia nyingine iitwayo chitemene: matawi ya miti hukusanywa na kuchomwa, na majivu yake hupunguza uchachu kwa miaka michache. Njia zote mbili, hata hivyo, zilitegemea ardhi kupumzishwa kwa muda mrefu. Leo idadi ya watu imeongezeka, mashamba hulimwa kila mwaka, na nyasi nyingi huliwa na mifugo au huungua katika mioto ya kiangazi. Nyasi zinapochomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni hupotea angani na mboji haijengeki.

Hatua ya kwanza: kupima udongo

Chokaa isitumike kwa kukisia. Kipindi kizuri cha kuchukua sampuli ni baada ya mavuno, Julai hadi Septemba, ili majibu yapatikane kabla ya msimu. Utaratibu ni huu:

1. Gawa shamba kulingana na rangi ya udongo, mteremko na historia ya matumizi. Kila sehemu ipewe sampuli yake.
2. Pita shambani kwa mtindo wa zigizagi na chukua udongo katika vituo 15 hadi 20, kwa kina cha sentimita 0 hadi 20. Ondoa kwanza majani na takataka za juu.
3. Epuka vichuguu, njia, kingo za shamba, mahali palipokuwa na zizi au moto, na mahali mbolea ilipomwagika.
4. Changanya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki ambayo haikuwa na mbolea, kisha punguza hadi ubaki kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja.
5. Kausha kivulini, weka katika mfuko safi, na andika jina la mkulima, kijiji, sehemu ya shamba, tarehe na zao linalokusudiwa.

Mkulima anatakiwa kuanza kwa Afisa Ugani wa kata au kijiji chake. Tangu mwaka 2022 Serikali imegawa vifaa vya kupimia afya ya udongo kwa halmashauri, ili upimaji wa awali ufanyike karibu na wananchi. Kwa uchambuzi wa kina, zipo maabara za Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ikiwamo TARI Uyole jijini Mbeya, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, na TARI Mlingano mkoani Tanga, kituo kinachoongoza utafiti wa udongo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro nacho kina maabara ya sayansi ya udongo.

Hatua ya pili: chokaa ya kilimo

Majibu yakionyesha pH iliyo chini ya 5.5 kwa zao lisilovumilia uchachu, dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa yakawa unga. Ile yenye magnesiamu pia, iitwayo dolomaiti, hufaa pale madini hayo yanapopungua. Kwa wakulima wa Ufipa, miamba ya chokaa iliyo karibu ni ya ukanda wa Songwe, jirani na Mbeya. Chokaa iliyochomwa kwa ajili ya ujenzi isitumike bila ushauri, kwa kuwa ni kali, huunguza ngozi na macho, na ni rahisi kuzidisha kipimo chake.

Kiwango hutegemea pH, aina ya udongo na zao, na mtaalamu ndiye atakayekipanga kutokana na majibu ya maabara. Kwa kukadiria ukubwa wa kazi, tani 1 kwa hekta ni sawa na gramu 100 kwa kila mita ya mraba, au takriban kilo 400 kwa ekari, yaani mifuko 8 ya kilo 50. Ekari ya hatua 70 kwa 70 inaweza kugawanywa katika vipande 8 vilivyo sawa, kila kimoja kikapewa mfuko mmoja. Kwa njia hiyo chokaa husambaa kwa usawa hata bila mashine. Ikiwa gharama ya usafiri ni kubwa, mkulima anaweza kushauriwa kuanza na sehemu ndogo ya shamba yenye uchachu mkubwa, hasa ile ya maharage, na kuendelea mwaka hadi mwaka.

Mambo manne yazingatiwe:

- Chokaa ichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 15 hadi 20. Ikiachwa juu hufanya kazi polepole mno.
- Iwekwe mapema. Chokaa huhitaji unyevu na muda wa wiki kadhaa hadi miezi ili ifanye kazi. Kwa sababu hiyo, kipindi cha kufukia nyasi mwishoni mwa mvua, kilekile cha intumba, kinafaa sana: ardhi ina unyevu, inapinduliwa, na iko miezi mingi kabla ya kupanda. Asiyewahi kipindi hicho aiweke wakati wa kutayarisha shamba, kabla ya kupanda.
- Isichanganywe katika chombo kimoja wala kuwekwa siku moja na mbolea kama UREA, SA na DAP, kwa kuwa naitrojeni inaweza kupotea angani kama gesi.
- Mwekaji afunike pua na mdomo, avae mavazi ya kujikinga, na asisambaze wakati wa upepo mkali.

Chokaa si mbolea na haichukui nafasi yake. Kazi yake ni kufungua njia ili mbolea itumike. Ikiwekwa kwa kiwango sahihi, manufaa yake huendelea kwa misimu kadhaa, hivyo shamba lipimwe tena baada ya miaka 3 hivi kabla ya kurudia. Kuzidisha kuna madhara: pH ikipanda kupita kiasi, zinki, chuma na manganizi hupungua kwa mmea, na mkulima huwa amenunua tatizo jipya.

Bonde la Ziwa Rukwa ni habari nyingine

Wananchi wa Muze, Mtowisa, Ilemba na maeneo mengine ya bondeni wanatakiwa kuwa waangalifu zaidi na ushauri huu. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na udongo wa bondeni umetokana na matope yaliyoletwa na mito kutoka milimani. Udongo huo ni laini, una virutubisho zaidi, na katika baadhi ya maeneo una chumvi au pH ya juu. Kutia chokaa huko bila kupima ni kupoteza fedha na kunaweza kudhuru mazao. Mkulima mwenye shamba juu ya uwanda na jingine bondeni asitumie mpango mmoja kwa yote mawili.

Kulinda kilichorekebishwa

Chokaa peke yake haiwezi kurudisha mboji iliyopotea. Samadi ya ng'ombe, ambayo Ufipa inayo, ihifadhiwe kivulini na ifikishwe shambani badala ya kuachwa zizini. Mabua na nyasi zifukiwe, zisichomwe. Mahindi yapokezane na maharage au mikunde mingine. Marejea, mmea wa mbolea ya kijani ulioenezwa katika Nyanda za Juu Kusini kutoka Peramiho mkoani Ruvuma, huongeza naitrojeni na kufunika ardhi. Kwenye miteremko ya Mbizi na kwingineko, matuta yafuate kontua, kwa sababu mvua moja kubwa inaweza kuondoa tabaka la juu ambalo mkulima ametumia miaka kulirekebisha.

Kwa upande wa mbolea, mpango wa ruzuku uliozinduliwa Agosti 8, 2022 jijini Mbeya, wakati wa Sikukuu ya Wakulima Nane Nane, unamtaka mkulima ajisajili katika serikali ya kijiji au mtaa wake na kununua kwa mawakala walioidhinishwa. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ndiyo yenye jukumu la kusimamia ubora wa mbolea na visaidizi vyake, ikiwamo chokaa. Mwananchi anayenunua bidhaa hizo adai risiti, akague kama mfuko umefungwa vizuri na una maelezo, na atoe taarifa akiwa na shaka.

Ruzuku hupunguza bei ya mfuko dukani, lakini haiwezi kuamua kitakachotokea baada ya mbolea kuingia ardhini. Hilo huamuliwa na hali ya udongo. Wakulima wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wanashauriwa kufika kwa Maafisa Ugani wao mara baada ya mavuno, wakiwa na sampuli za mashamba yao, ili msimu ujao waingie shambani wakijua mahitaji ya kila kipande cha ardhi.